Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya michezo ya shule: yalindeni macho ya wanafunzi viwanjani

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Elimu, TAMISEMI, Michezo na Afya. Kwa Baraza la Michezo la Taifa. Na kwa maofisa elimu na maofisa michezo wa mikoa na halmashauri zote.

YAH: KULINDA MACHO YA WANAFUNZI KATIKA MICHEZO YA SHULE

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari ya serikali, Kanda ya Ziwa. Kazi yangu ni kuwatoa watoto darasani, kuwapeleka uwanjani na kuwarudisha kwa wazazi wao wakiwa wazima. Ninawaandikia kuomba jambo moja: utoke waraka unaoweka ulinzi wa macho katika michezo yote ya shule, kuanzia mechi za darasa kwa darasa hadi fainali za UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya kitaifa ya shule za msingi na sekondari. Katika viwanja vyote nilivyofanyia kazi nimeona umri ukikaguliwa, jezi zikikaguliwa na njumu zikikaguliwa. Macho sijawahi kuona yakiulizwa habari.

Nawaandikia ninyi, wala si wazazi, kwa sababu mtoto wa shule hachagui. Kipindi cha michezo kipo kwenye ratiba, mtoto anatajwa jina mstarini, anaambiwa leo utadaka au utacheza winga, naye anakwenda. Mzazi hayupo. Anayemwamuru mtoto aingie uwanjani ndiye anayebeba dhamana ya kile kitakachomkuta humo, na kwa shule zetu mwenye amri ni Serikali kupitia sisi watumishi wake.

Wapo watakaosema mpira ni mkubwa, jicho ni dogo, na mfupa wa uso unatosha kulilinda. Nami niliwahi kusikia hoja hiyo kwenye semina, ikitolewa kwa kujiamini kabisa. Mpira wa soka namba 5 una mzunguko wa sentimita 68 hadi 70, na kweli tundu la jicho la binadamu halizidi sana sentimita 4 kwa upana. Lakini mpira unapogonga uso kwa kasi haubaki mviringo. Hubonyea, sehemu yake ndogo ikajipenyeza tunduni na kuligandamiza jicho, na unaporudi nyuma hulivuta jicho. Kusukumwa na kuvutwa huko ndani ya sehemu ndogo ya sekunde kunatosha kuchana mishipa midogo ya damu iliyo mbele ya jicho, kuitikisa lenzi mahali pake, au kuichana retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha. Mpira mdogo ni hatari zaidi, kwa sababu unaingia tunduni wenyewe bila kuhitaji kubonyea sana. Ndiyo maana mpira wa tenisi unaotumika kwenye rede na nage unanitia wasiwasi kuliko mpira wa soka. Kwenye rede mtoto wa kike husimama katikati na wenzake wawili wanamlenga kwa makusudi kutoka pande mbili, umbali wa hatua chache. Mpira wa soksi laini haudhuru sana. Wa tenisi, au wa soksi uliojazwa mchanga ili uwe mzito, unadhuru.

Kwenye kikapu na mpira wa mikono mpira si tatizo kubwa kama vidole na viwiko. Kwenye ngumi kila mtu anajua, ijapokuwa wachache wanajua kwamba Sugar Ray Leonard, bingwa wa dunia, aligundulika retina yake imebanduka mwaka 1982 akiwa kwenye kilele cha ubora wake. Kriketi inaanza kupenya mashuleni kwetu, na wanaoifundisha wanapaswa kuwaeleza watoto kisa cha Mark Boucher wa Afrika Kusini. Julai 2012, mjini Taunton, Uingereza, akiwa amesimama kudaka nyuma ya wiketi, vile vijiti vitatu vinavyolengwa na mpira, bila kofia ya kinga, kijiti kidogo kinachokaa juu ya wiketi kiliruka na kumpiga jicho la kushoto. Ilikuwa mechi ya kujipasha moto tu. Hakucheza tena kimataifa.

Sasa naomba mnivumilie nikae kidogo kwenye jambo ambalo silisikii likizungumzwa kabisa, nalo lipo karibu kila uwanja wa shule nchini. Ni chokaa.

Siku ya mechi tunapiga mistari kwa chokaa. Mara nyingi ni ile ile ya mfuko wa dukani, inayopakwa ukutani. Chokaa hiyo imetokana na mawe yaliyochomwa tanuruni, na ni kali. Ikikutana na unyevu, na jicho ni unyevu mtupu, inaunguza. Tindikali nyingi zinapoingia jichoni huigandisha ngozi ya juu ya jicho, na mgando huo huizuia kidogo kwenda ndani. Chokaa haifanyi hivyo. Inayeyusha mafuta ya chembe za mwili na kuendelea kuzama, na punje zake zikinasa chini ya kope ya juu zinaendelea kuunguza hata baada ya mtoto kunyamaza kulia. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, hugeuka kuwa cheupe kama kaure. Mtu anaweza kupofuka kwa konzi moja ya kitu tunachokiita cha kawaida.

Na nani anaimwaga? Wanafunzi. Tunawapa kopo au ndoo, wanachota kwa mikono mitupu, wanatembea wakiinyunyiza huku upepo wa alasiri ukiirudisha usoni. Kisha mechi inaanza, kipa anaruka na kuangukia mstari wa goli kifudifudi, mabeki wanateleza ndani ya kumi na nane, vumbi jeupe linapaa. Nchi nyingine ziliacha kupiga mistari kwa chokaa kali miaka mingi iliyopita kwa sababu hii hii.

Kuirekebisha hali hii hakuhitaji bajeti mpya. Upo unga wa mawe ya chokaa yasiyochomwa, ule ule unaochanganywa kwenye chakula cha kuku wa mayai, unaopatikana kwenye maduka ya pembejeo na mifugo. Ni mweupe, mstari unaonekana, na hauunguzi jicho kama ile ya ukutani. Ipo rangi ya maji. Ipo njia ya wazee wetu ya kuchimba mfereji mwembamba kwa jembe, na kwa shule isiyo na kitu hiyo inatosha kabisa. Kitakachokosewa ni kukimbilia majivu ya jikoni kwa kudhani ni salama; majivu yakilowa nayo yana ukali wake. Sentensi moja kwenye waraka, inayopiga marufuku chokaa ya kupaka ukuta kwenye viwanja vya shule, ingeondoa hatari hii. Kama hamtafanya lingine lolote kati ya ninayoyaandika hapa, nawasihi fanyeni hilo.

Jambo la pili linalonikereketa ni watoto wenye miwani. Tunao, na idadi yao inaongezeka kila Wizara ya Afya na wadau wanapopita mashuleni kupima macho, jambo jema sana. Lakini mtoto akishapewa miwani, hakuna anayemwambia afanye nini saa ya michezo. Wengine wanaingia nayo uwanjani. Miwani ya kawaida si kinga. Mpira ukiipiga, fremu inakatika na lenzi inaweza kupasuka, vipande vikaingia mle mle ilimokuwa inasaidia. Wengine wanaambiwa na mwamuzi waivue, wakacheza huku mpira wanauona umeshafika. Wengi wanaachana na michezo. Mwanafunzi mwenye ualbino, ambaye kuona kwake mbali kuna shida tangu kuzaliwa na jua linamuumiza, mara nyingi huambiwa akae kivulini atunze mabegi ya wenzake. Ana haki ya kucheza kama mwingine yeyote.

Miwani ya michezo ipo. Lenzi zake ni za polikaboneti, plastiki ngumu ambayo ikipigwa haivunjiki vipande, fremu yake imejaa pembeni na inafungwa kwa mkanda nyuma ya kichwa. Inaweza kuwekewa namba za mtoto, kama miwani yake ya kusomea. Na kwa waamuzi wanaodhani hairuhusiwi kwenye soka, Kanuni ya 4 ya sheria za mchezo inaitaja waziwazi miwani ya michezo miongoni mwa vifaa vinavyoruhusiwa. Wapenzi wa soka wa rika langu wanamkumbuka Edgar Davids wa Uholanzi. Baada ya kufanyiwa upasuaji wa glakoma, ugonjwa wa presha ya jicho unaoharibu mshipa wa kuonea, mwaka 1999 alicheza na miwani yake Juventus na timu ya taifa, katikati ya uwanja, kwenye nafasi ya kugombea mpira kuliko zote, na hakuna aliyemwona dhaifu. Kwenye kikapu, Kareem Abdul-Jabbar alivaa miwani ya kinga kwa miaka mingi baada ya macho yake kukwaruzwa mara kwa mara. Vijana wakiona picha za wachezaji hawa hawaoni aibu tena. Nimelijaribu hilo ubaoni na limefanya kazi.

Yupo mtoto mmoja ambaye kwake miwani hii inapaswa kuwa sharti, si hiari. Ni yule mwenye jicho moja tu linaloona vizuri, iwe alizaliwa hivyo, alipata ajali ya manati, au surua ilimharibu utotoni. Akipoteza hilo moja, amepoteza dunia yote. Na asipoulizwa, hasemi, maana anaogopa kuachwa nje ya timu. Kumgundua ni kazi ya dakika mbili: mzibe jicho moja, mwambie asome namba ya jezi kutoka upande wa pili wa uwanja, kisha geuza. Tungekuwa tunalifanya hili kila mwanzo wa mwaka, na tena kabla ya kambi, tungewajua wote.

Nije kwenye kile kinachotokea baada ya ajali, kwa sababu hapa ndipo macho mengi yanapopotea ambayo yangeweza kupona.

Katika mashindano fulani ya ngazi ya wilaya nilimshuhudia kipa wa mpira wa mikono akipigwa na mpira jichoni kutoka mita chache. Alikaa chini, akanyanyuka, jicho lilikuwa jekundu tu. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwepo, ndani yake pamba, spiriti na plasta. Akamwagiwa maji baridi, akapewa diklofenaki ya maumivu, akarudi golini akishangiliwa kwa ujasiri wake. Alifika kwa daktari wa macho siku kadhaa baadaye, baada ya kuona giza. Leo jicho hilo linatofautisha mwanga na kivuli, basi.

Hakuna aliyemtakia mabaya. Kila aliyekuwa pale alifanya alichokijua. Walimu hawakufundishwa kwamba damu inaweza kujikusanya ndani ya jicho, kati ya konea na mboni, ikiwa ni mstari mwembamba tu kwa chini ambao usipoutazama kwa makini huuoni. Hawakufundishwa kwamba mtoto wa namna hiyo anatakiwa kupumzika kichwa kikiwa kimeinuliwa, kwa sababu damu hiyo hupenda kuvuja tena ndani ya siku tano za mwanzo, na mara ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza. Hawakufundishwa kwamba asprini, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuongeza uvujaji huo, na kwamba parasetamo ni salama zaidi hadi daktari aseme vinginevyo.

Na kuna jambo linaloihusu nchi yetu kwa namna ya pekee. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na sikoseli, takribani 11,000 kila mwaka, na huku Kanda ya Ziwa tunawajua vizuri. Wengi zaidi hubeba vinasaba vyake bila kuugua. Mtoto wa namna hii akipata damu ndani ya jicho, chembe zake za damu hubadilika umbo humo ndani, huziba njia ambayo majimaji ya jicho hutokea, na presha ya jicho hupanda haraka. Mshipa wake wa kuonea pia huvumilia presha hiyo kidogo kuliko wa mtoto mwingine, hata pale kipimo kinapoonekana si cha kutisha sana. Hata zipo dawa za kushusha presha ya jicho ambazo kwake zinahitaji tahadhari. Kwa hiyo swali la "ana sikoseli, au kuna nduguye mwenye nayo?" linapaswa kuulizwa pale pale pembeni ya uwanja na kuandikwa kwenye karatasi ya rufaa. Sijawahi kuliona kwenye fomu yoyote ya kambi.

Kuna ajali nyingine inayomdanganya hata mtu mzoefu. Mtoto anapigwa kiwiko, jicho linabaki jeupe, halina damu wala uvimbe wa kutisha, lakini anatapika, anaona kitu kimoja kikiwa viwili na hawezi kutazama juu. Tunadhani kaumia kichwa, au anadeka. Kumbe mfupa mwembamba wa chini ya jicho umepasuka na kuubana msuli. Kwa watoto hili hutokea zaidi kuliko kwa watu wazima, kwa sababu mifupa yao hujikunja na kurudi, ikaunasa msuli, na msuli uliobanwa hauwezi kungoja wiki nzima.

Yale ya kufanya ni machache na mwalimu yeyote anaweza kuyashika. Jicho likiingiwa na chokaa, kamata maji safi yoyote yaliyo karibu na uoshe papo hapo, mfululizo, nusu saa nzima, kope zikiwa zimefunuliwa, na punje zinazoonekana zitolewe. Usitafute siki wala ndimu ya "kuua" chokaa, na usianze safari kabla ya kuosha. Lakini jicho likichomwa na kitu, au mboni ikionekana si ya duara tena, au kuna kitu kinachotoka ndani, ni kinyume chake: usioshe, usikandamize, usichomoe kilichonasa. Kata kitako cha kikombe cha plastiki au cha karatasi, kiegemeze kwenye mifupa inayozunguka jicho bila kuligusa, kifunge, mkimbize mtoto hospitali, na usimpe chakula njiani kwa sababu huenda akalazimika kulazwa usingizi wa upasuaji. Jicho lililopigwa na mpira bila kupasuka, linalinganishwa na jicho la pili kwa kuziba moja baada ya jingine. Likiona hafifu kuliko lilivyokuwa asubuhi, mechi ya huyo mtoto imeisha, hata kama ni fainali, hata kama ndiye mfungaji wenu. Na akisema siku zijazo kwamba anaona vimulimuli, nukta nyeusi zinazoelea au pazia linaloshuka pembeni, retina inabanduka. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Msilisahau na jicho lililokwaruzwa kwa nyasi au udongo, kwa kuwa hilo ndilo linalopelekwa moja kwa moja duka la dawa muhimu kununuliwa "dawa ya matone". Matone mengine yana steroidi, dawa inayotuliza uvimbe lakini inapunguza kinga ya jicho, na yakiwekwa kwenye kidonda chenye fangasi wa majani yanakichochea. Nyumbani huko nako kuna maziwa ya mama, maji ya majani, kupulizwa, na kutolewa taka kwa ncha ya khanga. Siwalaumu mama zetu, wanatumia kilicho karibu. Ila shule ingemwandikia mzazi karatasi yenye maneno mawili, "msiweke kitu", angetii.

Tuna wataalamu. Muhimbili na KCMC zinafundisha madaktari bingwa wa macho. CCBRT inajulikana hadi vijijini. Bugando tunaitegemea sisi wa Kanda ya Ziwa. Kinachokosekana ni uzi wa kuunganisha uwanja na wataalamu hao. Kambi ya mkoa inapofunguliwa, iwe Mtwara, Tabora au Iringa, namba ya simu ya mratibu wa huduma za macho wa mkoa iwe imebandikwa ukutani pamoja na ratiba ya mechi, na ijulikane gari gani litambeba mtoto na nani analipa. Mtoto aliyewahi kupata damu ndani ya jicho ahesabiwe kuwa na miadi ya kila mwaka ya kupimwa presha ya jicho, kwani glakoma inaweza kumjia miaka mingi baadaye, akiwa ameshasahau ile mechi.

Najua jibu litakalokuja: fedha. Ninaiheshimu hoja hiyo. Ruzuku inayoingia shuleni naiona kwa macho yangu. Lakini angalieni ni mangapi kati ya haya hayana gharama. Kubadili aina ya chokaa, kupima macho kwa namba ya jezi, kumtoa mchezaji anayeona hafifu, kuongeza swali moja kwenye fomu, kutumia mpira wa soksi laini kwenye rede. Kwenye netiboli kanuni zinataka kucha ziwe fupi na laini, na waamuzi wetu hukagua kila mkono kabla ya filimbi, bila kelele na bila bajeti. Ukaguzi ule ule uhamie na kwenye kikapu na mpira wa mikono.

Gharama ya kweli ni miwani, na hapo sisemi kila mwanafunzi anunuliwe. Waanze wale wenye jicho moja na wale wanaovaa miwani ya kawaida walioteuliwa kwenye timu. Halmashauri zikijua idadi yao, zinaweza kuagiza kwa pamoja kupitia Bohari ya Dawa badala ya kila shule kuhangaika peke yake. Shirika la Viwango Tanzania lisaidie kwa kuainisha ipi ni kinga na ipi ni pambo, kwa kuwa viwango vya kuigia vipo, kama ASTM F803 cha Marekani. Bila hivyo tutauziwa miwani ya jua mnadani na kuambiwa ni ya michezo.

Kwamba amri ya wakubwa ndiyo inayoleta mabadiliko, hilo limeshaonekana. Kanada, daktari wa macho wa Toronto aitwaye Tom Pashby alihesabu majeruhi wa hoki ya barafu katika msimu wa 1974–75 akakuta macho 43 yaliyopofuka, wengi wakiwa vijana wadogo. Hakuishia kuwahubiria wazazi. Alikwenda kwa wenye mamlaka ya mchezo na ya viwango, kinga ya uso ikatungiwa kiwango na kulazimishwa kwa vijana, na upofu kwa waliovaa kinga kamili ukakaribia kutoweka. Walikuwepo waliosema mchezo utaharibika. Haukuharibika. Marekani, shirikisho la michezo ya sekondari lililazimisha miwani kwenye mpira wa magongo wa wasichana kuanzia msimu wa 2011, na majeraha ya macho yakapungua bila wachezaji kuwa wakali zaidi kwa kujiona wamekingwa, jambo ambalo wapinzani walilitabiri. Madaktari wa macho wa nchi hiyo wanakadiria kwamba majeraha 9 kati ya 10 ya macho michezoni yanazuilika kwa kinga sahihi.

Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, Taifa likiwa bado changa, kwa kuamini kwamba michezo ni jambo la kusimamiwa na umma. Leo tumepewa uenyeji wa AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda. Vijana watakaovaa jezi ya Taifa baada ya hapo wako Darasa la Sita na Kidato cha Pili sasa hivi, wanadaka kwenye mistari ya chokaa.

Kwa hiyo ninaomba waraka huo uandikwe kwa pamoja na wizara zenu nne, ili afisa elimu asimsukumie afisa afya wala afisa michezo asimsukumie mkuu wa shule. Upige marufuku chokaa kali. Ulazimishe upimaji wa macho mwanzo wa mwaka na kabla ya kambi, na ukataze mwenye jicho moja kucheza michezo ya mpira na ya kugusana bila kinga. Uwaruhusu waziwazi wanafunzi wenye miwani ya michezo kucheza katika michezo yote, waamuzi waelekezwe hivyo kwa maandishi. Uwape makocha na waamuzi mamlaka ya kumtoa mtoto aliyeumia jicho bila timu kuadhibiwa kwa nafasi yake. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, pale Kwimba, na vyuo vya ualimu viongeze somo la huduma ya kwanza ya jicho. Ni somo la siku moja. Na ajali za macho za viwanjani zianze kuandikwa, shule hadi wilaya, wilaya hadi mkoa, maana sasa hivi kila mtoto anaumia kana kwamba ni wa kwanza.

Michezo ya shule hupamba moto kuanzia Mei, na kambi za mikoa hufuata. Waraka ukitufikia kabla ya mwisho wa Aprili, tutakuwa na muda wa kupima macho ya timu zetu na kumwaga chokaa iliyobaki stoo. Nipo tayari kushirikiana na yeyote mtakayemteua kuuandika, na walimu wenzangu wengi wa michezo wako tayari vilevile.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa michezo,
Shule ya sekondari ya serikali, Kanda ya Ziwa